Hodi ya Tatu

Jijini, mtu akifa, mlango wake hubaki na sauti yake, na juu yake huwashwa taa ya buluu. Ukipiga hodi, marehemu anakukaribisha. Wageni hutoka mbali kuja kuisikia milango hiyo.

Mwanakheri na mumewe Badi walitoka Newala kumtembelea binti yao, Ziada. Kwa kuwa simu yake haikupatikana tangu asubuhi, walizunguka kwanza. Kwenye jumba la kale la matao, mzee wa zamani aliwaitikia kwa kikohozi na salamu ndefu, Badi akacheka mpaka akafuta machozi. Kwenye mnara wa vioo walikaribishwa na mtoto. Hapo Mwanakheri akasema, "Inatosha. Twende kwa mwanetu."

Ziada alikuwa amepanga katika ghorofa la mviringo lenye roshani kama magamba ya samaki, ambalo kila mgeni hulipiga picha. Wakapanda.

"Hodi," aliita Mwanakheri.

"Karibu," Ziada akaitikia. "Pita tu, sijafunga."

Mwanakheri akatabasamu, akasukuma. Mlango haukufunguka. Badi alikuwa ameinua macho juu ya mlango, akavua kofia yake taratibu.

"Mama Ziada, twende."

"Si umemsikia? Yumo. Hodi."

"Karibu. Pita tu, sijafunga."

Sasa naye alikuwa ameiona taa. Hodi hupigwa mara tatu, usipojibiwa, unaondoka. Akapiga ya tatu kwa sauti ndogo, akimwomba Mungu asijibiwe.

"Karibu. Pita tu, sijafunga."

Akaketi kizingitini.

"Nitaondokaje, Baba Ziada," akasema, "na mwenyewe ananikaribisha?"