Mwakilishi wa Shamba

Afisa wa chama cha wafanyakazi alipouliza nani awe mwakilishi wetu, watu wote walimtaja Niyonsaba, mwanamke Mrundi aliyefika msimu uliopita. Hata mke wangu alimnyooshea mkono, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu wa migomba.

Mimi nilikuwa mwanachama kwa miaka kumi na moja. Wageni tawi letu lilikuwa haliwapokei kabisa, mpaka siku ile.

Nilimpigia makofi. Mate yalikuwa machungu mdomoni.

Afisa hajaandika jina, msimamizi wa shamba akatokea kati ya mibuni.

"Nani amewakusanya hapa? Kiongozi wenu nani?"

Watu wakainamisha vichwa. Kibali cha Niyonsaba kilikuwa kimekwisha muda. Nilijua kwa sababu alinipa nimsomee. Angejulikana tu, angerudishwa Burundi.

Msimamizi akanikazia macho. Nyuma yangu Niyonsaba akaanza kuinuka.

"Kaa chini, dada," nikamwambia, nikasimama mimi. "Kiongozi ni mimi."

Niliona raha kulitamka neno hilo. Niyonsaba akakaa polepole, akinitazama kama mtu aliyeibiwa.