Hesabu ya Mlingoti

Salha ndiye aliyekokotoa mkandamizo ambao mlingoti wa mashua ya mumewe ungeweza kuuhimili. Kabla ya mashindano, mumewe, Nasibu, aliongeza vyuma chini ya mashua kwa siri ili isilale upepo ukizidi. Kweli haikulala. Nguvu yote ya upepo ikauelemea mlingoti, ukavunjika na kumuua mdogo wa Nasibu.

Matangani Nasibu aliwaambia watu, "Mke wangu alikosea hesabu."

Mama mkwe akamgeukia Salha, aliyekuwa akimnywesha uji. "Kweli, mwanangu?"

Salha alikuwa ameviona vile vyuma mashua ilipovutwa ufukweni. Akamtazama mama huyu, aliyebakiwa na mtoto mmoja tu.

"Kweli, mama. Nilikosea."

Mama akakisukuma kikombe. Nasibu akakipokea, akaendelea kumnywesha bila kuinua macho.