Hema Ofisini

Mji mzima uliliona hema lile likipanda ngazi za chuo begani mwa Nyamizi. Hakupiga hodi. Aliingia ofisi ya mkuu wa kitivo, akalisimamisha juu ya zulia, kamba moja akaifunga mguuni mwa meza, nyingine kwenye kabati la vikombe vya ushindi.

"Binti, una wazimu?" mkuu akafoka. "Nilishakwambia, Dokta Kihwelo ni mtu wa heshima. Mambo ya kambi ya mafunzo yamalizeni huko huko."

"Ingia humo, mzee."

"Niingie mimi?"

"Ndiyo. Huyo mtu wako wa heshima aliing'oa zipu ya hema hili usiku, akitaka kuniingilia. Nilikesha nimelishikilia hili turubai kwa mikono. Kesho anasafiri na wasichana wa mwaka wa kwanza. Basi ingia, ufunge mlango. Ukifungika, nafuta malalamiko yangu yote."

Watu wa ofisi za jirani walishajaa mlangoni, wengine wanacheka chinichini. Mkuu hakutaka aonekane mwoga. Akavua koti, akapiga magoti, akatambaa ndani na kitambi chake. Wakamsikia akihangaika: akivuta huku, kunafunguka kule.

"Jamani, mkuu yupo?" Alikuwa Dokta Kihwelo, amefuata funguo za gari la safari.

"Yupo ndani," Nyamizi akamjibu. "Ingia tu. Si umezoea?"

Watu wakampisha. Viatu vyake vikasimama mbele ya mwanya wa hema, na vidole vya mkuu, kwa ndani, vikalishikilia turubai.