Nani Aligusa Hii Injini?

"Nani aligusa hii injini?" Masila alifoka kutoka chini ya gari. "Huyo mtu anafaa kufungwa!"

Ndivyo mafundi wa Nairobi huanza kazi, kwa kumtukana fundi aliyetangulia. Lakini mzee Kiragu hakuwa amekuja gereji ya Satellite kucheka. Alichuchumaa pale pale kwenye vumbi, na suti yake.

"Rudia hayo maneno, fundi. Kuna mtu nataka ayasikie."

Gari lenyewe lilikuwa Volkswagen ya mwaka wa sitini na nane, ile ya mgongo wa kobe, injini nyuma, ya kupozwa na hewa tupu bila maji. Lilikuwa la marehemu mkewe. Miaka mitatu iliyopita mwana wao Jeremy aliliazima, likarudi limevutwa kwa kamba, injini moto kama jiko. Kiragu hata alilitoa rangi nyekundu akalipaka kijani ili lianze upya, lakini wapi! Halikumaliza kilima tena. Tangu hapo hajaonja chai kwa mwanawe.

"Leo saa tisa niko kwa wakili, town," alisema huku akibonyeza simu. "Ile nyumba yangu ya Mountain View anayokaa na bibi yake Shiru, namtoa. Mtu aharibu kitu cha mamake, kisha anidanganye machoni? Huyo si mtoto."

Akaweka simu kwa spika.

"Baba, nikwambie mara ngapi?" sauti ya Jeremy ilikuwa imechoka. "Mimi injini sikushika. Gari ilizima Waiyaki Way, nikaitiwa fundi, akakuja na boda. Jina lake sikuuliza."

"Fundi, mwambie."

Masila alijifuta mikono, akaikaribia simu. "Kijana, ogopa Mungu. Thermostat, ile ya kufungua hewa injini ikipata joto, imetolewa, halafu milango ya hewa ikafungwa na waya. Injini haipumui! Hakuna fundi anaweza kufanya huo ujinga. Hii ni kazi ya mtu hajui hata kushika spana."

"Baba, Shiru ana mimba ya miezi minane. Nitampeleka wapi?"

"Ungefikiria hayo kabla ya kunidanganya." Kiragu akakata simu.

Masila alirudi chini, akaukata waya ule na kuutupa nje. Ulikuwa waya wa umeme wa bluu, umezungushwa mara tatu, ncha yake imekunjwa kuingia ndani. Kiragu aliuokota, akaufumbata.

"Huu nitauweka mezani kwa wakili."

Masila akafunga thermostat mpya, kikopo cha shaba chenye mikunjo kama akodiani, kisha akawasha gari. Injini ikaitika mara moja. Ilikuwa sauti ile ile ya Jumapili asubuhi, mkewe akipiga honi kwamba wamechelewa kanisani. Kiragu aligeuza uso, kwa sababu hakutaka fundi amwone.

"Umeona, mzee?" Masila alitamba. "Ungeniletea hii gari mapema, hata hungekosana na mtoto."

"Hayo hayakuhusu. Nipe funguo."

"Ngoja kidogo. Namba yako ya nyuma inaning'inia. Polisi watakusumbua hapo mbele. Hii nakufungia bure."

Alitoa kipande cha waya kwenye mfuko wa ovaroli, akainama nyuma ya gari. Kiragu alisimama kando yake, akitazama saa. Kisha akaacha kutazama saa.

Waya ulikuwa wa bluu. Masila aliuzungusha mara moja, mara mbili, mara tatu, halafu akaikunja ncha kuingia ndani.

"Naikunja hivi isikukwaruze," alisema akijipangusa magoti. "Hiyo ndiyo sahihi yangu, mzee. Popote utaiona, jua Masila alipita hapo."

Kiragu akafumbua kiganja.