Kinasa Kimeandika Sifuri

Kila nyumba mtaani ilikuwa na kinasa, chombo kilichosikia mlio wa mbu na kumchoma angali hewani, kisha kikaandika idadi. Kikiandika sifuri, zahanati haikupimi malaria, ndiyo sheria. Cha Mwantumu kilikuwa kikiandika sifuri mwaka wa tisa sasa, lakini mwanawe Shufaa alikuwa anachemka kwa homa.

“Mama Shufaa, kwenu hakuna mbu,” nesi wa zahanati alimwambia. “Waliokuwa wakilia wote walishachomwa.”

“Na wale wasiolia, si ndio waliobaki wakazaana?”

Nesi alicheka, akampa vidonge vya kutuliza homa, akaita mwingine.

Nyumbani, Mwantumu alimvua mtoto blauzi. Begani alikuwa ametua mbu, tumbo limejaa damu. Aliruka bila sauti, akaenda kutua juu ya kinasa.

Kinasa kikaandika sifuri.