Siku Saba za Kunyamaza

"Mama, uvimbe tuliokutoa kooni ulikuwa kifuko cha maji tu, si saratani," daktari alisema, akipenyeza kamera nyembamba puani mwangu. "Umekaa kimya siku saba kama nilivyokuagiza?"

Nikamwonyesha vidole saba kwa maringo.

Mjukuu wangu akacheka. "Hajasema hata neno! Vitendawili vyote alininong'oneza tu sikioni."

Mkono wa daktari ukasita. Kamera ikatulia, baridi, nyuma ya pua yangu.

"Kunong'ona nako ni kusema, mama, tena kunakaza koo zaidi." Akaigeuza skrini tusiione. "Haya, hebu sema neno moja."

Mjukuu akaniwahi, bado anatabasamu: "Kitendawili!"

Jibu lake ni neno fupi, nimelitamka tangu utotoni. Nikafumbua kinywa.