Uko na Dini?

"Mama, wewe uko na dini?" karani wa korti ya Tororo alimuuliza. "Mwenye dini anashika Biblia. Asiye na dini anainua mkono tu."

Aboth alitazama dirishani. Nje, wafungwa walikuwa wakifyeka nyasi, wote pekupeku. Kizimbani, mwanawe wa pekee alimkazia macho. Alikuwa amedai kwamba siku ghala la pamba la chifu lilipochomwa, yeye alishinda nyumbani akipura wimbi na mamake. Shahidi mwingine hakuwa naye. Na nyumbani siku hiyo kijana hakuwapo.

Kama ni kuinua mkono tu, Aboth angeuinua, akadanganya, akarudi kwao Molo na mwanawe. Lakini Pasaka iliyopita alibatizwa. Mwanawe huyo huyo ndiye aliyemfundisha kusoma, akikishika kidole chake chenye ufa wa jembe na kukipitisha juu ya herufi, mstari kwa mstari, hadi akazijua amri zote kumi.

"Niko na dini," akasema kwa sauti ndogo, akakilaza kiganja juu ya kitabu.

Kabla hajaulizwa neno, mwanawe aliinama pale kizimbani, akaanza kuvua viatu.